Rivasi Imepotea Baada ya Gia Boksi Kufanyiwa Ovahoo: Pima Kabla ya Kuishusha Tena

Msomaji wa Ruaka anauliza: «Fundi, nina Prado ya mwaka 1999, KZJ95, injini ya dizeli 1KZ-TE, gia boksi ya otomatiki. Gia ya tatu ilianza kuteleza, nikaipeleka gereji, gia boksi ikafunguliwa yote na kuwekwa diski na sili mpya. Siku niliporudishiwa gari, rivasi ilishika asubuhi kwa ulegevu, lakini mchana, baada ya foleni ya Thika Road, ilikataa kabisa, na sasa haishiki hata asubuhi. Nikiweka R injini inanguruma tu, gari limesimama. Mbele linakwenda vizuri na gia zote nne zinaingia. Fundi wangu anasema valvu bodi imekufa, na ananishauri ninunue gia boksi nyingine iliyotumika kutoka Japani. Je, nikubali?»

Ndugu yangu, usikubali bado. Huenda fundi wako amekisia sawasawa kuhusu valvu bodi (bati la valvu zinazogawa mafuta kwa kila gia), lakini kwa maelezo uliyonipa sioni kipimo chochote alichofanya kabla ya kulitaja tatizo, na gia boksi yako ina uwezo wa kueleza yenyewe ni sehemu gani iliyoshindwa, ikiwa mtu ataiuliza kwa utaratibu. Karibu vipimo vyote nitakavyovieleza hapa hufanywa gia boksi ikiwa bado iko chini ya gari, vingi kati yake havihitaji kufungua chochote, na mwisho wake utajua kama kazi ni ya kufungua sampu (beseni la mafuta lililo chini ya gia boksi) tu au ni ya kuishusha gia boksi yote kwa mara ya pili. Tofauti kati ya kazi hizo mbili ni siku kadhaa za gereji na fedha nyingi, kwa hiyo inafaa kuijua kabla mtu hajashika spana.

Nianze na jinsi rivasi inavyopatikana ndani ya gia boksi hii, kwa sababu bila kulielewa jambo hilo vipimo vinavyofuata vitaonekana kama kubahatisha. Prado yako, kama ilivyo kwa KZJ95 nyingi, hutumia gia boksi ya A343F, ambayo ni ya ukoo mmoja na A340 iliyomo katika Hilux Surf na Prado za petroli za miaka hiyo. Unaweza kuhakikisha kwa kusoma kibati cha utambulisho cha gari, kwenye mstari wa TRANS/AXLE. Ndani yake mna klachi na breki kadhaa zinazobanwa na pistoni zinazosukumwa kwa mafuta, na kila gia ni muungano wa baadhi yake. Kwa rivasi, mbili ndizo za kutazamwa. Ya kwanza ni klachi iitwayo C2, ambayo huunganisha nguvu ya injini na gia ya katikati ya seti za sayari, yaani mafungu ya gia ndogo zinazoizunguka gia moja ya katikati. Ya pili ni breki iitwayo B3, iliyo upande wa nyuma wa kasha, ambayo hukishika kibebeo cha seti ya nyuma (fremu inayobeba zile gia ndogo) kisizunguke. C2 inapozungusha gia ya katikati huku B3 imekishika kibebeo hicho, shafti ya kutokea hulazimika kuzunguka kinyume. Mojawapo ikikosa kubana, gari halirudi nyuma, hata ukanyage ekseleta hadi mwisho.

Sasa tazama mahali pengine ambapo klachi na breki hizo hutumika. C2 hufanya kazi pia katika gia ya tatu na katika ovadraivu, yaani gia ya nne. B3 hufanya kazi pia katika gia ya kwanza, lakini pale tu unapokuwa umeweka mkono wa gia kwenye L. Ukiwa kwenye D, gia ya kwanza hushikiliwa na klachi ya upande mmoja iitwayo F2, ambayo hujishika yenyewe bila kuhitaji mafuta, na B3 hupumzika. Hii ndiyo sababu gari lenye B3 iliyokufa kabisa linaweza kwenda Naivasha na kurudi bila dereva kuhisi kasoro yoyote, mpaka atakapotaka kutoka kwenye maegesho. Kwa hiyo habari ya kwamba mbele linakwenda vizuri, ambayo wengi huichukua kuwa ushahidi kwamba klachi zote ni nzima na kosa liko kwenye valvu, haithibitishi hivyo hata kidogo.

Umeniambia kwamba gia zote nne zinaingia. Ikiwa ya tatu na ovadraivu zinashika bila injini kupanda mizunguko ovyo, basi diski za C2 zinabana, na pete zinazopitisha mafuta kuelekea C2 hazivuji kwa kiwango cha kutisha. Shaka yangu kubwa kwa hiyo inaelekea B3, ingawa nasema shaka tu, kwa sababu C2 ya gia boksi hii ina pistoni mbili, ya ndani na ya nje. Katika gia ya tatu hutumika moja, na katika rivasi hutumika zote mbili ili kupata nguvu kubwa zaidi ya kubana. Sili ya ile pistoni ya pili ikiwa imekatwa wakati wa kuunganisha, gia ya tatu itakuwa nzima na rivasi itateleza. Kwa nini nguvu kubwa? Kwa sababu mzigo unaobebwa na klachi na breki katika rivasi ni mzito kuliko wa gia ya tatu, na ndiyo maana presha ya mafuta katika R huwekwa juu kuliko katika D. Udhaifu mdogo wa sili, wa presha au wa nafasi kati ya diski hujitokeza kwanza kwenye rivasi.

Ile habari yako ya asubuhi na mchana ina thamani kubwa, na nasikitika kwamba huenda hakuna aliyekuuliza habari zake zaidi. Mafuta ya gia yakiwa baridi huwa mazito na huvuja polepole kwenye sili iliyojikunja au kukatwa, hivyo pistoni hupata presha ya kutosha kubana kiasi. Yakipata moto huwa mepesi, huvuja kwa kasi, presha nyuma ya pistoni huanguka na diski huanza kuteleza. Diski zinazoteleza huungua, na zikishaungua hata ubaridi wa asubuhi hausaidii tena. Mfuatano ulioueleza ni huo huo. Laiti rivasi ingekuwa haikushika hata mara moja tangu siku ya kwanza, ningeelekeza macho zaidi kwenye njia ya mafuta iliyozibwa, gasketi iliyowekwa kinyume au kitu kilichosahaulika. Hii yako ilishika, ikadhoofika, ikafa, na jambo hilo linanifanya nifikirie uvujaji au nafasi kubwa mno kati ya diski kabla ya kufikiria valvu.

Basi tuanze kupima. Kwanza kabisa angalia mafuta, na yaangaliwe inavyotakiwa: gari mahali tambarare, gia boksi ikiwa imepata moto wa kawaida wa nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, injini ikiunguruma taratibu, mkono wa gia ukiwa umepitishwa kila nafasi kisha kurudishwa P. Baada ya ovahoo, konveta (chombo cha mafuta kinachounganisha injini na gia boksi) huwa tupu na hujaa polepole, na mara nyingi mafuta yaliyoonekana kutosha siku ya kwanza huwa pungufu siku ya pili. Chukua tone la mafuta hayo kwenye kitambaa cheupe. Ikiwa ni mekundu na safi, vizuri. Ikiwa yamegeuka kahawia na yana harufu ya kuungua siku chache tu baada ya kuwekwa mapya, kuna diski inayoteketea, na usiendelee kujaribu rivasi kwa kukanyaga ekseleta, kwa maana kila jaribio hueneza unga wa diski hizo hadi kwenye valvu.

Pili, hakikisha kwamba mkono wa gia ulio ndani na ule ulio kwenye kasha la gia boksi vinakubaliana. Chini ya gari, tenganisha fimbo inayotoka kwenye mkono wa gia, usukume mkono mdogo wa gia boksi hadi mwisho wa upande wa nyuma, kisha uurudishe midundo miwili. Hapo ni N. Mkono wa ndani nao ukiwa N, fimbo iingie bila kulazimishwa. Isipoingia, valvu ya mkono ndani ya valvu bodi haifungui kikamilifu njia ya rivasi, na kosa la namna hii hurekebishwa kwa spana moja. Katika hali yako silitarajii sana, lakini ni la bei ndogo mno kuliruka.

Tatu, ondoa swali la umeme. Chomoa plagi ya waya zinazoingia kwenye solenoidi (valvu zinazoendeshwa kwa umeme) za gia boksi, kisha ujaribu kila nafasi. Gia boksi za ukoo huu zimeundwa ili bila umeme D itoe ovadraivu, 2 itoe gia ya tatu, L itoe ya kwanza, na R itoe rivasi kama kawaida. Rivasi ikikataa hata hapo, kosa liko kwenye mafuta au kwenye vyuma, na mtu yeyote anayetaka kukuuzia kompyuta ya gari au solenoidi kwa ajili ya rivasi umshukuru na kuendelea na safari yako. Ukimaliza, rudisha plagi na ufute kumbukumbu ya makosa ikiwa taa ya onyo imewaka.

Kipimo cha nne ndicho kikuu, na hakigharimu chochote. Tafuta barabara tulivu yenye mteremko. Jiji letu la Nairobi limejaa matuta na mabonde ya mito, kwa hiyo barabara za pembeni za Spring Valley au Loresho zinafaa sana Jumapili asubuhi. Shuka kwa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa, weka L, kisha uondoe mguu kabisa kwenye ekseleta. B3 ikiwa nzima, injini itashikilia gari: mizunguko itabaki juu, utasikia mngurumo wake ukipanda, na gari litajizuia lenyewe bila breki ya mguu. B3 ikiwa imekufa, mizunguko itaanguka hadi ile ya gari lililosimama, na gari litateremka huru kana kwamba liko N. Fanya hivyo mafuta yakiwa ya moto, kwa kuwa ndipo kasoro yako inapojitokeza.

Matokeo yake yasome hivi. Ikiwa hakuna uzuiaji wa injini kwenye L, na ya tatu ni nzima, basi B3 haibani, na vipimo vinavyofuata vitaonyesha kama kosa ni la B3 yenyewe au la mafuta yanayopaswa kuifikia. Ikiwa uzuiaji upo na una nguvu, B3 inabana angalau kwa kiasi, lakini usiiachie huru mara moja, kwa sababu presha inayopelekwa B3 katika L hupunguzwa makusudi na mzigo wake ni mdogo kuliko wa rivasi, hivyo breki iliyochoka nusu inaweza kufaulu mtihani wa L na kushindwa katika R. Hapo ndipo kipimo cha presha kinapohitajika.

Kwa kuwa gari lako lina gia ndogo za magurudumu manne, kuna jaribio moja la ziada ambalo wenye magari madogo hawana. Kwenye murram, si kwenye lami, weka gia ndogo katika gia boksi ya pili (ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), kisha R, uachie breki na uguse ekseleta kidogo sana, kwa mwendo wa mita moja au mbili tu. Gia ndogo hupunguza mzigo unaoifikia gia boksi kuu kwa zaidi ya nusu. Gari likirudi nyuma hapo ilhali katika gia kubwa linakataa, ujue kuna kitu kinabana kidogo na kuteleza. Lisipotikisika kabisa, hakuna kinachobana. Usilifanye kuwa njia ya kulitumia gari kila siku, maana utamaliza diski zilizobaki na kuchafua klachi zilizo nzima.

Sasa presha. Ubavuni mwa gia boksi kuna plagi ndogo ya kupimia presha kuu. Fundi aliye makini atakuwa na geji inayofika angalau kPa 2,000, yaani karibu psi 300, kwani katika rivasi presha huweza kupanda sana na geji ndogo hupasuka. Presha isomwe katika D na katika R, injini ikiunguruma taratibu na mafuta yakiwa ya moto, halafu ilinganishwe na jedwali la kitabu cha gari lako. Hata kabla ya kufungua kitabu kuna jambo moja linalojulikana: presha ya R lazima iwe juu ya ile ya D.

Nataka fundi wako akae juu ya matokeo ya kipimo hiki na kuyafikiri, kwa maana hapa ndipo ugomvi wa valvu bodi na B3 unapoamuliwa. Ikiwa presha ya D ni sahihi lakini ukiweka R sindano inaanguka au haipandi inavyotakiwa, mafuta yanafika kwenye njia za rivasi na yanamwagika huko: sili ya pistoni imekatwa, au gasketi ya valvu bodi imepasuka mahali njia hiyo inapopita. Ikiwa presha ya R ni sahihi kabisa, ipo juu ya D, na gari bado halisogei, hakuna uvujaji mkubwa. Basi ama mafuta yamezuiwa njiani yasifike kwenye pistoni, ama yanafika na pistoni inasukuma lakini diski zimeungua au nafasi kati yake ni kubwa kuliko safari ya pistoni. Ikiwa presha iko chini katika D na R pia, tatizo ni la jumla: pampu, valvu ya kurekebisha presha, chujio, au kebo ya throtoli.

Hiyo kebo mafundi wengi huirudisha kwa kukadiria kwa macho baada ya ovahoo. Katika Prado yako hutoka kwenye throtoli, mahali injini inapovutia hewa, na kuingia katika gia boksi, na kazi yake ni kupandisha presha kadiri unavyokanyaga. Ekseleta ikiwa imekanyagwa hadi mwisho, nafasi kati ya ncha ya mpira wa kebo na kizuizi kilicho kwenye waya iwe milimita 0 hadi 1. Ikiwa waya umelegea zaidi ya hapo, presha itakuwa chini wakati wa mzigo, na rivasi itateleza kabla ya gia nyingine yoyote. Gia boksi iliyounganishwa vizuri kabisa inaweza kuunguzwa na kebo hiyo peke yake.

Huenda fundi akapendekeza kipimo cha kukanyaga breki na ekseleta pamoja ili aone injini itafika mizunguko mingapi katika R. Katika hali yako mimi nisingekifanya. Kipimo hicho huruhusiwa kwa sekunde 5 tu kwa mara moja hata kwa gia boksi nzima, na kwa diski zinazoteleza ni kuzimalizia kabisa. Isitoshe, takwimu za vitabu huandikwa kwa gari lililo karibu na usawa wa bahari, nasi tuko karibu mita 1,795 juu yake, ambapo hewa ni nyepesi na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 15 hadi 20 ya nguvu zake. Wapo wanaosoma mizunguko ya chini hapa Nairobi na kuilaumu konveta isiyo na kosa. Kilicho salama zaidi ni kupima muda: toka N kwenda R, injini ikiunguruma taratibu, uhesabu muda mpaka uhisi mshtuko wa kushika. Katika R usizidi sekunde 1.5, na katika D sekunde 1.2. Ukikawia, au usipohisi mshtuko wowote, umeshathibitisha kwa njia ya upole kile ambacho kipimo kikali kingethibitisha kwa gharama.

Baada ya hayo ndipo sampu ifunguliwe. Mafuta yamwagwe kwenye beseni safi ili yachunguzwe, na sumaku zilizo ndani ya sampu zitazamwe: unga mwembamba wa kijivu ni wa kawaida, lakini tope jeusi la diski au vipande vya chuma ni jambo jingine. Kisha valvu bodi iteremshwe, gia boksi ikiwa bado imefungwa mahali pake. Ukutani mwa kasha zitaonekana tundu zinazopeleka mafuta kwa kila klachi na breki, na kitabu cha gia boksi huonyesha tundu ya C2 na ya B3 ni zipi. Upepo mkavu wa kompresa wa kPa 392 hadi 785 upulizwe kwa mdomo wenye mpira unaoziba tundu vizuri, fundi akiwa amevaa miwani, na kitambaa kikiwa kimewekwa juu kuzuia mafuta yasirushwe usoni. Pistoni nzima husikika: «dup», mlio mmoja mzito, na ukiweka kiganja kwenye kasha utauhisi, kisha kimya wakati upepo unaendelea kushikilia. Pistoni yenye sili iliyokatwa hutoa mvumo mrefu wa upepo usiokoma, na wakati mwingine mafuta huonekana yakitoka povu kandokando ya diski. B3 ikitoa mvumo, umepata mgonjwa wako. Zote zikitoa ule mlio mzito na kushikilia, diski zimeungua au nafasi ni kubwa, ama kosa kweli liko kwenye valvu bodi iliyo mkononi mwa fundi.

Akiwa nayo mkononi, aikague kabla ya kuitupia lawama. Valvu bodi hii ina gasketi mbili za bati la katikati ambazo zinafanana sana, lakini zimetobolewa tofauti. Zikibadilishana mahali, njia fulani huzibwa. Ina vipira vidogo vya kuzuia mafuta yasirudi, na kila kimoja kina kiota chake. Kimoja kikikosekana, gia moja huathirika na nyingine zikaendelea. Valvu ya rivasi iteleze kwa uzito wake yenyewe ndani ya tundu lake ikiwa na mafuta, bila kukwama. Haya ni makosa ya kuunganisha, nayo hurekebishwa mezani bila kununua kitu zaidi ya gasketi. Valvu bodi iliyokuwa ikifanya kazi kabla ya ovahoo haifi kwa kusafishwa.

Ikithibitika kwamba ni B3, gia boksi ishuke, na kwa kuwa B3 iko nyuma kabisa, vyote vilivyo mbele yake lazima vitoke. Fundi anapofungua, mwombe uwepo, au akuhifadhie kila kipande. Diski za B3 zikiwa nyeusi na zimepoteza utando wake, zibadilishwe pamoja na bati zake zilizobabuka, lakini asiishie hapo, maana diski mpya juu ya sili mbovu zitaungua kama za kwanza. Vifurushi vya sili vinavyouzwa Kirinyaga Road kwa ukoo wa A340 hutengenezwa kuhudumia matoleo kadhaa, kwa hiyo ndani ya kifurushi kimoja huwa na pete zinazokaribiana kwa ukubwa, na iliyo ndogo kidogo huingia bila kulalamika. Kila pete mpya ilinganishwe na ile ya zamani na pia ijaribiwe kwenye mfereji wake kabla ya kupakwa mafuta. Pistoni iingizwe kwa kuzungushwa polepole, sili zikiwa zimelowa mafuta ya gia au vaselini, kamwe si grisi ya magurudumu, ambayo huziba njia nyembamba. Diski mpya zilowekwe katika mafuta ya gia kwa angalau dakika 15. Idadi ya diski na bati, na upande bati nene linakoelekea, vihesabiwe kwa kufuata kitabu, kisha nafasi ya B3 ipimwe kwa filagiji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) na kulinganishwa na kitabu. Mwisho, kabla valvu bodi haijarudi, upepo upulizwe tena kwenye tundu ya C2 na B3. Laiti kipimo hiki cha mwisho kingefanywa mara ya kwanza, rivasi yako isingepotea barabarani. Kingegundua kasoro mezani.

Kuhusu gia boksi ya kutoka Japani: si wazo baya nyakati zote, hasa pale ambapo ngoma au seti za sayari zimevunjika. Lakini ni chombo cha umri ule ule wa gari lako, chenye sili zilizokauka ghalani kwa muda usiojulikana, na hujui kilitolewa kwenye gari kwa sababu gani. Ukiamua hivyo, namba yake ilingane na ile iliyo kwenye kibati chako, plagi zake za waya zilingane, na fundi aipulizie upepo kabla ya kuipandisha, kwa njia ile ile niliyoieleza. Mafuta pia yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu chako, ambayo kwa Prado nyingi za miaka hiyo ni Dexron. Usikubali kuwekewa WS ya magari mapya kwa sababu tu ndiyo iliyopo dukani, kwani ni nyepesi zaidi.

Wasomaji wenye Probox na Corolla za gia boksi ndogo ya U340E wasiyahamishe maelezo haya yote. Huko rivasi ina klachi yake peke yake, C3, ambayo haishiriki katika gia ya mbele yoyote, kwa hiyo gia ya tatu haiwezi kutoa ushahidi juu yake. Kipimo cha L kwa ajili ya B3 hubaki kile kile.

Kwa sasa, mpaka vipimo vifanyike, egesha gari likitazama nje kila unapolala, na usiingie mahali ambapo utalazimika kurudi nyuma. Gia boksi ikishapandishwa, endesha kwa upole siku za mwanzo, jaribu rivasi gari likiwa limepata moto kwelikweli na si asubuhi tu, kisha uangalie mafuta tena baada ya kilomita 100 hivi. Ukipata namba za geji za D na R, nitumie pamoja na jibu la kipimo cha L.